Georg Ebers: riwaya zilisahaulika, hati ikabaki na jina lake

Anayesoma historia ya tiba hafiki mbali kabla hajakutana na jina Ebers. Hati ya Ebers ni gombo la mafunjo la Misri ya kale, lenye urefu wa karibu mita 19, lililojaa dawa, dua na maelezo ya magonjwa, na liliandikwa yapata miaka 3,500 iliyopita. Jina hilo si la mganga wa Kimisri. Ni la Mjerumani aliyelinunua gombo huko Luxor, katika majira ya baridi ya 1872 kuingia 1873. Lakini ukienda kwa Wajerumani wa zama zake ukawauliza Ebers ni nani, wengi wasingekutajia gombo. Wangekutajia riwaya. Katika miaka ya 1870 na 1880 alikuwa miongoni mwa watunzi waliopendwa sana nchini mwao, na vitabu vyake vikatafsiriwa katika lugha nyingi. Ikikaribia Krismasi, wauza vitabu walisubiri riwaya mpya ya Ebers kama watu wanavyosubiri msimu wa embe.

Leo riwaya hizo hazisomwi. Hata Ujerumani, anayezifungua kwa kawaida ni mtafiti. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinanisumbua: mtu aliyeijua Misri kuliko karibu kila mtunzi aliyemtangulia, aliyeweza kusoma maandishi ya mafirauni kwa macho yake mwenyewe, imekuwaje vitabu vyake vikafa haraka hivyo? Nina jibu langu, na nitalisema mapema ili msomaji apime ushahidi akienda nalo. Ebers aliichukua nyumba, nguo, vyombo na sala za Misri kwa uangalifu mkubwa, kisha akawaweka humo watu aliowajua Berlin. Msomaji wa 1877 alijiona mwenyewe katika vazi la kitani, akafurahi. Mjukuu wa msomaji huyo hakujiona tena.

Kijana aliyelala chali

Georg Moritz Ebers alizaliwa Berlin tarehe 1 Machi 1837. Baba yake alikuwa amefariki wiki chache kabla, kwa hiyo mtoto huyu, kitinda mimba wa familia, hakumwona kamwe. Alilelewa na mama yake, Fanny, mwenye asili ya Rotterdam. Familia ilikuwa na mali, na ilitoka katika ukoo wa Kiyahudi ulioingia Ukristo. Mnamo Machi 1848, akiwa na miaka 11, alishuhudia mapinduzi yakipita katika mitaa ya Berlin. Kisha alipelekwa Keilhau, katika misitu ya Thuringia, kwenye shule iliyoanzishwa na Friedrich Fröbel, yule yule aliyeuachia ulimwengu shule za chekechea. Huko watoto walitembea milimani, walichonga, walilima, walijenga. Ebers aliikumbuka shule hiyo kwa mapenzi hadi uzeeni, na naamini ndiko alikopata tabia ya kutaka kukishika kitu kwanza ndipo akieleze.

Alianza kusomea sheria Göttingen. Mwaka 1858 ugonjwa ukamwangusha: miguu ilikataa, akarudishwa Berlin kwa mama yake, akalala. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Mzee Jacob Grimm, mwanachuoni wa lugha na ngano, alimsaidia kumfikia Richard Lepsius, bingwa wa Ujerumani katika elimu ya Misri ya kale. Lepsius ndiye aliyeongoza msafara mkubwa wa Prussia kwenye bonde la Nile kati ya 1842 na 1845. Kwa kuwa mwanafunzi hakuweza kumwendea mwalimu, mwalimu alimfuata mwanafunzi nyumbani na kumfundisha pale pale alipolazwa. Ilikuwa imepita miaka 36 tu tangu Mfaransa Champollion atangaze namna ya kuyasoma maandishi ya Misri. Elimu yenyewe ilikuwa bado changa, na kila sentensi iliyofumbuliwa ilikuwa habari mpya.

Mgonjwa aliyelala mchana kutwa, kichwa kimejaa majina ya wafalme, mwili hauendi popote: mtu huyo atafanya nini? Ebers alianza kutunga. Riwaya yake ya kwanza, Eine ägyptische Königstochter, yaani binti mfalme wa Misri, ilitoka mwaka 1864 katika juzuu tatu. Kiini chake amekitoa kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale: mfalme wa Uajemi, Cambyses, anaomba binti wa Firauni Amasis, naye anapelekewa kwa siri Nitetis, binti wa firauni aliyepinduliwa. Kwa habari ya Herodotus, udanganyifu huo uliwasha vita vilivyoiangusha Misri mbele ya Waajemi.

Lepsius hakufurahi aliposikia kwamba mwanafunzi wake anaandika hadithi za mapenzi. Alipousoma mswada alilegea. Kitabu kilikuwa na tanbihi nyingi mno, kila pambo na kila ibada vimetolewa ushahidi. Ebers aliona aibu ya kitaaluma, na tanbihi zilikuwa ngao yake.

Tazama mlango anaotumia kuingia. Kitabu kinaanzia Naukratis, mji wa Wagiriki kwenye Delta, katika nyumba ya Rhodopis, mwanamke wa Kigiriki. Msomaji wa Kijerumani, aliyelelewa shuleni kwa Homer na Plato, anakaribishwa Misri na Mgiriki. Ni uamuzi wa akili kibiashara na kifasihi, nami siulaumu. Lakini Wamisri wenyewe wanabaki wageni katika nchi yao: makuhani wenye hila, wafalme wenye siri. Wenye mioyo tunayoielewa ni Wagiriki na Waajemi.

Luxor, na gombo ndani ya sanduku la bati

Afya ilirudi kiasi. Alifundisha Jena kuanzia 1865, na mwaka 1869, mwaka ule ule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, aliiona Misri kwa mara ya kwanza. Tafakari hilo: riwaya iliyomtangaza ilikuwa na umri wa miaka mitano tayari, na mwandishi wake hakuwa bado amekanyaga mchanga wa Misri. Mwaka 1870 alihamia Chuo Kikuu cha Leipzig. Katika safari ya pili, 1872–1873, akiwa na mwanazuoni kijana Ludwig Stern, ndipo alipoletewa gombo.

Kwa maelezo yake, mtu mmoja wa Luxor alilitoa katika sanduku la bati, limefungwa kwa vitambaa vya maiti, akadai lilipatikana miaka mingi nyuma katika makaburi ya El-Assasif, katikati ya miguu ya maiti. Inajulikana pia kwamba miaka kadhaa kabla yake gombo hilo lilikuwa limepita mikononi mwa Mmarekani Edwin Smith, mkazi wa Luxor na mfanyabiashara wa vitu vya kale. Bei ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa profesa, na fedha zilipatikana kwa msaada wa Mjerumani tajiri aliyekuwapo. Gombo likasafiri hadi Leipzig, na liko huko mpaka leo, katika maktaba ya chuo kikuu.

Hapa lazima niseme ninavyoona. Ununuzi ule ulifanyika katika nchi ambayo watu wake walikuwa maskini na vitu vyao vya kale viliuzwa kwa mgeni mwenye fedha. Kwamba kitabu kikuu cha tiba cha Afrika ya kale kinaitwa kwa jina la mnunuzi, hilo linaniuma, na halipunguzwi uzito na uaminifu wa mnunuzi mwenyewe. Pamoja na hayo, haki yake nitampa. Angeweza kulifungia gombo kabatini na kulitafuna peke yake maisha yake yote, maana wako waliofanya hivyo. Yeye alilichapisha zima mwaka 1875, kwa nakala za rangi zinazofuata mistari ya asili, pamoja na orodha ya maneno aliyoitayarisha Stern. Tangu siku hiyo msomaji yeyote duniani wa maandishi ya kihieratiki, mwandiko wa haraka wa Misri ya kale, aliweza kulifanyia kazi bila kupiga hodi Leipzig. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kijerumani ilitoka kwa mtu mwingine, Heinrich Joachim, mwaka 1890.

Uarda: kisa ndani ya kisa

Mwaka 1876 kiharusi kilimpiga. Akiwa hana uwezo wa kutembea, alirudi kwenye dawa yake ya zamani, kutunga, na mwaka uliofuata ikatoka Uarda. Ukitaka kusoma riwaya moja tu ya Ebers, soma hii. Ndiyo inayoonyesha uwezo wake wote na ugonjwa wake wote, nami nitakaa nayo.

Tuko Thebes, enzi ya Ramses wa Pili. Gari la Bent-Anat, binti wa Firauni, limemgonga msichana maskini, Uarda. Jina hilo lina mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi waridi. Msichana ni mjukuu wa mpasua maiti, mtu ambaye kazi yake ni kuchana ubavu wa marehemu ili atiwe dawa asioze, na kwa ajili hiyo anahesabiwa najisi. Binti mfalme anaingia katika kibanda hicho kumwangalia aliyemuumiza. Kwa kuingia tu, amenajisika. Makuhani wanataka kumtumia aibu hiyo dhidi ya baba yake aliye vitani, na kuhani kijana, mshairi Pentaur, anatumwa amkemee. Pentaur anashindwa kumkemea mtu aliyetenda wema.

Mwanzo huo una nguvu hadi leo. Swali lake ni la kweli: sheria ya usafi ikigongana na huruma, kipi kitangulie? Msomaji wa pwani yetu, au wa mahali popote palipo na watu wanaotengwa kwa sababu ya kazi ya baba zao, atalielewa bila tanbihi.

Kisha kuna Nebsecht, tabibu, rafiki wa Pentaur. Huyu ndiye mhusika ninayempenda. Anatamani kuuona moyo wa binadamu, kuupasua, kujua unavyofanya kazi, jambo ambalo dini yake inalikataza kabisa, kwa kuwa moyo wa marehemu unahitajika mbele ya mizani ya hukumu ya akhera. Anamshawishi mpasua maiti amletee moyo mmoja na kuweka wa kondoo mahali pake. Mzee anafanya hivyo, kisha hofu inamla. Ebers alikuwa ameshaishi miaka kadhaa na gombo lake la tiba alipoandika kurasa hizo, na ndani ya gombo kuna maelezo mashuhuri kuhusu moyo na mishipa inayotoka kwake kwenda katika kila kiungo, hata tabibu akiweka vidole kichwani, mikononi au miguuni anaupima moyo. Hapo elimu na hadithi vimekutana. Mgonjwa aliyepooza anaandika kuhusu tabibu anayetafuta siri ya mwili kwa gharama yoyote: sioni haja ya kueleza zaidi kwa nini kurasa hizo zina damu ndani yake.

Lakini fuata riwaya hadi mwisho. Pentaur, mtoto wa mtunza bustani, anampenda binti wa Firauni. Watafikaje kwenye ndoa? Ebers anafichua kwamba Pentaur alibadilishwa alipozaliwa. Kumbe ni mtoto wa nyumba ya wakubwa, na Paaker, adui yake mwenye majivuno, ndiye mtoto wa mtunza bustani. Uarda anapendwa na mtoto wa mfalme, Rameri. Watafikaje? Kumbe mama yake alikuwa mateka wa damu ya kifalme kutoka ng'ambo ya bahari. Swali lililoulizwa kwa ujasiri kibandani, kama mtu wa chini ana thamani sawa na wa juu, linajibiwa kwa kusema kwamba wale tuliowapenda hawakuwa wa chini.

Hapo ndipo ninaposema watu wake walitoka Berlin. Jibu hilo ni la Ujerumani ya baada ya 1871, taifa jipya lililounganishwa chini ya mfalme wa Prussia, ambamo watu wa tabaka la kati walisoma sana, walijivunia elimu, na waliinamisha kichwa mbele ya damu ya kifalme. Walitaka huruma, wakaipata. Walitaka kila mtu abaki mahali pake, wakalipata na hilo. Vivyo hivyo, mapambano ya Ramses na makuhani yalitoka katika miaka ile ile ambayo serikali ya Bismarck ilipambana na Kanisa Katoliki, na ni vigumu kuamini kwamba wasomaji hawakuona kufanana.

Hata yale aliyoyatolea ushahidi hayakusalimika yote. Najisi ya mpasua maiti ameitoa kwa Diodorus, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja baada ya Ramses. Naye Pentaur wa historia, aliyedhaniwa zama hizo kuwa ndiye mtunzi wa shairi la vita vya Kadesh, alivyopigana Ramses na Wahiti, sasa anachukuliwa kuwa karani aliyelinakili tu. Tanbihi nazo huzeeka.

Kupanda na kushuka

Baada ya Uarda vitabu vilifuatana: Homo sum mwaka 1878 kuhusu watawa wa jangwa la Sinai, Serapis mwaka 1885 kuhusu kuanguka kwa hekalu kuu la Aleksandria, Die Nilbraut mwaka 1887, iliyowekwa katika Misri iliyofunguliwa na Waarabu, ambamo Amr ibn al-As mwenyewe ni mhusika. Aliandika pia kuhusu Misri ya siku zake, katika kitabu kikubwa chenye michoro, na aliichangia Baedeker, kitabu cha kuongoza wasafiri. Mchoraji Alma-Tadema alikuwa rafiki yake. Hakuwa peke yake sokoni: Felix Dahn na Gustav Freytag nao waliandika riwaya nene za kihistoria, na wahakiki wakazipachika jina la riwaya za maprofesa. Jina hilo lilianza kama maelezo, likaishia kuwa tusi.

Kiu ya Wajerumani kuhusu nchi za mashariki na kusini ilikuwa kubwa wakati huo. Mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya Serapis, ilichapishwa Berlin kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyekuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Siwezi kuwasoma wawili hawa mbalimbali. Ebers aliwapa Wajerumani jumba la kifalme lililojengwa kwa elimu na dhana. Salme aliwapa jumba alilozaliwa ndani yake, Mtoni, na akalazimika kuwaeleza mara kwa mara kwamba mambo hayako kama wanavyodhani. Kitabu cha Salme kinaendelea kuchapishwa na kusomwa, Zanzibar na kwingineko. Naona hapo tofauti ya mwenye nyumba na mgeni aliyeipima nyumba kwa kamba.

Kuanguka kulikuja haraka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 waandishi vijana walikuwa wanataka viwanda, ulevi, vyumba vya maskini, lugha ya mtaani. Mwaka 1889 tamthilia ya kwanza ya Gerhart Hauptmann ilizusha kelele katika ukumbi mmoja wa Berlin, na mwaka huo huo Ebers aliacha kazi ya chuo kwa sababu ya afya. Wanafunzi wake wawili, Adolf Erman na Eduard Meyer, walikuwa wanaipeleka elimu ya Misri ya kale mahali pengine, penye sarufi kali na ukosoaji wa vyanzo, ambapo riwaya haikuwa na kiti. Kwa hiyo aliachwa nyuma pande zote mbili kwa wakati mmoja: na fasihi, na taaluma yake.

Hakuacha kuandika. Tawasifu yake ilitoka 1893, na riwaya za Kleopatra na Arachne zilikuja baadaye. Alifariki Tutzing, Bavaria, tarehe 7 Agosti 1898.

Kilichobaki

Nikirudi kwenye gombo, naona kwa nini lilimshinda mmiliki wake kwa umri. Halijaribu kumfurahisha mtu yeyote. Lina takriban dawa 880, na nyingi zinamgusa msomaji wetu moja kwa moja. Kuna dawa ya kifua inayoelekeza kuchoma mawe saba motoni, kuweka dawa juu yake, kufunika kwa chungu kilichotobolewa, kisha kuvuta mvuke kwa mrija wa tete. Yeyote aliyewahi kufunikwa blanketi na bibi yake ili ajifukize anajua hali hiyo. Kuna aya nzima juu ya mbarika, ambao wengine huuita nyonyo: mizizi yake, mbegu zake za kulainisha tumbo, mafuta yake ya nywele. Kuna asali, vitunguu, bia. Kuna dua za kusomwa wakati wa kupaka dawa. Mgonjwa wa Thebes katika aya hizo hana damu ya kifalme iliyofichwa, ana kikohozi.

Huyu ndiye Mmisri ambaye Ebers hakufanikiwa kumwingiza katika riwaya zake, ijapokuwa alikuwa naye mezani, kwa wino mweusi na mwekundu. Nebsecht peke yake ndiye anayemkaribia.

Nyuma ya gombo kuna kalenda inayotaja mwaka wa 9 wa Firauni Amenhotep wa Kwanza, na kwa hiyo wataalamu waliweza kulikadiria umri. Baadhi ya kurasa ziliharibika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na nakala za 1875 ndizo zinazotuonyesha zilivyokuwa. Karani aliyeliandika hakuacha jina. Ameacha jambo moja dogo katika kuhesabu kurasa: kutoka 27 ameruka hadi 30, ili ukurasa wa mwisho, ambao kwa kweli ni wa 108, usomeke 110. Wako wanaodhani alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa 110 ndiyo miaka ambayo Mmisri wa kale alimwombea mtu aliyemtakia maisha mema. Ebers aliichapisha hesabu hiyo kama alivyoikuta, bila kuisahihisha.